Madirisha ya nyumba Dar es Salaam na pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa karibu kila wiki, mengine kwa simu, mengine mtu akiwa amesimama ndani ya boma lake na tofali zimemfika kifuani. Nafunga madirisha ya aluminiamu Dar es Salaam na kandokando yake, kwa hiyo majibu ni ya nyumba za huku kwetu: joto, unyevu, chumvi ya bahari, mbu, na mvua ya masika inayopiga ukuta kwa ubavu. Anayejenga Njombe au Lushoto atakuta mengine hayamhusu, hasa habari ya upepo.

Nimwite fundi wa madirisha lini?

Kabla ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango. Wengi huniita nyumba ikiwa imeshapauliwa, wakidhani kazi yangu inaanza kwenye fremu. Wakati huo ukubwa wa tundu, urefu wake kutoka sakafuni na upande linakoelekea vimeshaamuliwa na fundi mwashi, mara nyingi kwa mazoea tu: futi 5 kwa 5 sebuleni na vyumbani, futi 2 kwa 2 chooni, basi. Hapo kilichobaki kwangu ni kuziba tundu vizuri. Sitaweza kukuletea upepo ambao ukuta umeshaukataa.

Kikao cha nusu saa msingi ukiwa umekamilika kinatosha. Mnazunguka na ramani, mnaulizana kitanda kitakaa wapi, jiko liko wapi, jirani ameweka ukuta wake umbali gani, mnachora alama. Fundi akikuomba hela kidogo ya kuja kupima wakati huo, mpe. Kubomoa na kujenga upya upande mmoja wa dirisha baadaye kunagharimu zaidi.

Dirisha likae upande gani wa nyumba?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu angeanza nalo, lakini watu huanza na rangi ya kioo.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua la saa sita mchana huwa karibu utosini: mwezi Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini kidogo, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba, linapita juu ya kichwa hasa. Maana yake kwa mjenzi ni kwamba ukuta wa kaskazini na wa kusini unaweza kukingwa na paa lenyewe. Toa bati nje ya ukuta sentimita 80 au mita moja, na madirisha ya pande hizo yatakaa kivulini muda mwingi wa mchana. Ukuta wa mashariki na wa magharibi haukingwi na paa. Jua la asubuhi na la alasiri huja likiwa chini, linapita chini ya bati na kuingia hadi kitandani. Jua la magharibi ndilo baya zaidi, kwa sababu linakuta nyumba imeshapata joto la mchana kutwa, na chumba kinabaki kama tanuri mpaka saa nne usiku.

Sasa tazama upepo. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini tangu karibu Aprili hadi Oktoba, kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kwa hiyo pande zilezile ambazo paa linaweza kuzikinga na jua ndizo pande ambazo upepo unatoka. Nyumba ya pwani inayopokea kusi upande mmoja na kuutoa upande wa pili inalalika bila kiyoyozi miezi mingi ya mwaka.

Kiwanja hakikuruhusu? Barabara iko magharibi na kila mtu anataka sebule itazame barabara? Peleka vyoo, stoo na ngazi upande wa magharibi uwezavyo, weka madirisha madogo huko, panda mti. Na kila chumba cha kulala kiwe na madirisha mawili katika kuta mbili tofauti. Dirisha moja kubwa halifanyi kazi ya mawili madogo, kwa sababu upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea.

Slaidi au la kufungua kwa bawaba?

Madirisha ya slaidi yametapakaa kwa sababu ya kweli: grili inakaa nje, wavu unapita kwenye reli yake, kioo kinasogea katikati, na hakuna kinachogombana na kingine. Lakini hesabu hewa yake. Tundu la mita 1.5 kwa 1.5 lina mita za mraba 2.25. Slaidi ya vipande viwili inafunguka nusu tu, kwa hiyo unapata kama mita 1.1, ukitoa fremu inapungua tena. Umelipia dirisha zima na nusu yake ni kioo kisichofunguka kamwe.

La bawaba linafunguka lote, na likifungwa linabana raba pande zote nne, kwa hiyo linazuia mvua na vumbi kuliko slaidi. Tatizo lake ni grili: kioo kikifunguka nje, grili lazima iwe ndani, na mkono upite kwenye grili kufungua. Wavu nao unahitaji fremu yake. Inawezekana, ila mpange mapema na fundi wa grili, wasikutane siku ya kufunga ndipo waanze kubishana.

Zile luva za nyumba za zamani, vipande vyembamba vya vioo vinavyolala na kusimama, watu wanazing'oa kwa sababu zinaonekana za kizamani. Mimi nasikitika zinapong'olewa chooni na jikoni. Luva inapitisha hewa karibu tundu zima. Kasoro zake ni kuwa kipande cha kioo kinachomoleka kirahisi na haizibi vumbi vizuri, lakini kwa tundu dogo la juu lenye grili nje, sijaona kinachoishinda.

Ushauri wangu kwa nyumba ya kawaida: vyumba vya kulala vya bawaba ikiwa mfuko unaruhusu, sebule slaidi, choo na jiko luva au dirisha la bawaba ya juu linalosukumwa nje kwa chini, ambalo unaweza kuliacha wazi kidogo hata mvua ikinyesha.

Aluminiamu, mbao, PVC au chuma?

Aluminiamu ndiyo inayopatikana zaidi na mafundi wake ni wengi. Haili kutu kama chuma, ingawa chumvi huitoboa vidoti vidoti ikiachwa bila kuoshwa. Omba kukata kipande uone unene wa ukuta wa profaili, yaani ule mrija wa aluminiamu unaounda fremu, kisha upime kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Ukibonyeza profaili ya slaidi kwa vidole ikakubali, usifungie dirisha kubwa.

Mbao nzuri, kama mninga, mkongo au mtiki, inadumu miaka mingi na haishiki joto kama metali. Lazima iwe imekauka kabla ya kuchongwa, la sivyo itajipinda kwenye unyevu wetu na dirisha litagoma kufunga kila masika. Mbao laini iliyopakwa rangi ya mninga ni chakula cha mchwa.

PVC, yaani plastiki ngumu, haijali chumvi, na kwa nyumba iliyo karibu sana na bahari ningeifikiria. Ila hutanuka kwa joto kuliko aluminiamu, kwa hiyo inahitaji chuma ndani ya profaili na fundi anayejua kuacha nafasi. Chuma ni imara na rahisi, bora upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu na urudie kila inapoanza kuvimba.

Kioo cha unene gani, na je, cheusi kinapunguza joto?

Milimita 5 kwa madirisha ya kawaida, 6 kwa kipande kikubwa. Milimita 4 iishie chooni. Kioo kinachoshuka karibu na sakafu, au kilicho mlangoni, kiwe cha usalama: ama kilichokomazwa kwa moto, ambacho kikivunjika kinakuwa punje ndogo, ama cha tabaka mbili chenye utando katikati, ambacho kikipasuka kinabaki mahali pake. Kilichokomazwa hakikatwi tena baada ya kutoka kiwandani. Fundi akikuambia ni kilichokomazwa kisha ukamkuta anakikata kwa almasi pale uwanjani, umeuziwa cha kawaida. Tafuta pia alama ndogo iliyochorwa kwenye kona.

Kuhusu rangi nyeusi: kioo cheusi kinanyonya jua, kinakuwa cha moto chenyewe, na sehemu ya joto hilo hulitoa ndani. Unapata nafuu kidogo na giza jingi, halafu unawasha taa mchana. Kinachorudisha jua kama kioo cha kujitazamia kinafanya kazi zaidi, ila usiku ukiwasha taa walio nje wanakuona wewe. Kivuli cha nje kinavishinda vyote. Pazia linazuia jua ambalo limeshaingia, wakati bati lililotokeza, kibaraza au mti vinalizuia kabla halijagusa kioo.

Vioo viwili vyenye hewa katikati? Kama huwashi kiyoyozi na madirisha yako wazi muda wote, havikusaidii kitu kwa upande wa joto. Vinafaa kando ya barabara kubwa yenye kelele, au kwenye baridi ya Njombe na Makete.

Nyavu za mbu zinatosha kwenye dirisha?

Wavu wa kawaida wenye matundu 18 kwa 16 kwenye inchi moja unazuia mbu na bado unapitisha hewa. Ukiuziwa wenye matundu madogo zaidi, upepo unapungua. Wa plastiki ya nyuzi unachanika kwa makucha ya paka na vidole vya watoto, ila kuubadilisha ni rahisi: unang'oa kamba ya raba, unatandaza mpya, unarudisha kamba.

Mbu hawapiti kwenye wavu, wanapita pembeni yake. Kagua brashi ya manyoya pale kipande cha wavu kinapokutana na kioo, na usiache kioo nusu njia, maana hapo hufungua mwanya. Na usisahau mwanya wa chini ya bati. Mbu wa malaria wanaupenda huo kuliko dirisha, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameushughulikia sana. Kama huna dari, nyavu za madirisha peke yake ni nusu ya kazi.

Grili ya aina gani?

Ya nguvu kiasi mtaa wako unavyohitaji, lakini nakuomba jambo moja kwa dhati: kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kutoka ndani, na ufunguo wake ukae mahali pamoja ambapo hata mtoto anapafikia gizani. Moto ukizuka sebuleni, familia iliyo vyumbani haina njia nyingine. Kuna wateja wananijibu kwamba grili ya kufunguka itamsaidia mwizi. Kufuli nzuri iliyo upande wa ndani, mbali na mkono wa nje, inatatua hilo. Namba ya zimamoto ni 114, lakini gari lao haliwezi kukufikia kabla ya moshi.

Nitamjuaje fundi wa kweli?

Usianzie kwenye picha za simu. Picha hupigwa siku ya kukabidhi, wakati kila dirisha duniani linang'aa. Mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyofunga angalau masika mawili yaliyopita. Ukifika, gusa ukuta chini ya dirisha: kuna rangi iliyovimba, ukungu, alama ya maji? Sukuma slaidi kwa kidole kimoja, iteleze bila kukwaruza. Tazama kona za fremu, pale vipande viwili vilivyokatwa nyuzi 45 vinapokutana. Fundi aliyeziba mwanya wa kona kwa silikoni nyingi amekata vibaya. Kisha muulize mwenye nyumba, fundi akiwa hayupo: ulipompigia simu baada ya kumlipa, alikuja?

Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni dalili njema. VETA imekuwa ikiwapima pia mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti, kwa hiyo fundi aliyelelewa karakanani anaweza kuwa nacho. Kwa kazi kubwa, jengo la ghorofa kwa mfano, uliza kampuni imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi au la. Kwa nyumba ya kawaida, nitatazama zaidi namna anavyopima. Anayepima tundu mara moja upana na mara moja urefu kisha akaondoka, mwache aende. Tundu la tofali halijawahi kuwa mraba kamili. Upana unapimwa juu, katikati na chini. Urefu kushoto, katikati na kulia. Kisha kona kwa kona mara mbili. Fremu inakatwa kwa kipimo kidogo kuliko vyote, ikiachiwa kama milimita 5 kila upande. Na kila dirisha linapimwa peke yake na kupewa namba, hata kama ramani inasema yote ni futi 5.

Mbona bei za mafundi watatu zinapishana sana?

Kwa sababu kila mmoja amekutajia dirisha lake. Mmoja amepiga hesabu kwa futi ya mraba bila wavu, wa pili ameweka kioo cha milimita 4, wa tatu ameingiza usafiri na kodi. Andika mwenyewe karatasi moja na uwape wote: orodha ya madirisha kwa namba na vipimo, aina ya kufunguka, unene na rangi ya profaili, unene na aina ya kioo, wavu upo au haupo, aina ya loki na rola (vigurudumu vya slaidi), nani anabeba, nani anaziba na kumalizia ukingo, kodi imo au haimo. Wajibu karatasi hiyohiyo. Ndipo utaona nani ni ghali kweli.

Nilipe vipi?

Kwa hatua, na kwa maandishi hata kama fundi ni shemeji yako. Kiasi cha kununulia malighafi mwanzo, kiasi cha pili fremu na vioo vikiwa vimefika uwanjani na umeviona, na bakisha sehemu ambayo si ndogo mpaka umwagie madirisha maji na kuona ndani pakavu. Lipa kwa simu au benki ili kumbukumbu ibaki. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa malighafi, inakusaidia pia kujua aina hasa ya profaili iliyonunuliwa.

Mwandike pia muda wa kurudi bure endapo kuna kasoro. Mimi natoa mwaka mzima, kwa sababu mwaka mmoja unabeba masika, vuli, kusi na kaskazi.

Siku ya kufunga nisimamie nini?

Plasta iwe imekwisha na kukauka. Saruji mbichi inaunguza aluminiamu na kuacha madoa ya kijivu yasiyotoka. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo fremu zilifungwa kwanza ili kuwahi wezi, plasta ikafuata, na fremu zote 11 zilikuwa zimeharibika rangi kabla mwenye nyumba hajahamia. Ikiwa hamna budi kufunga mapema, karatasi ya gundi inayofunika profaili ibaki, na saruji ikidondoka ifutwe papo hapo kwa maji.

Fremu ikishaingia, pimamaji iwekwe chini na ubavuni, na kona kwa kona zipimwe tena kabla ya skruu kukazwa. Skruu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Skruu ya kawaida ikigusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, inaila fremu inapozunguka, na ukiwa karibu na ufuo kama Mbezi Beach au Kigamboni omba chuma hicho cha daraja la 316, kinachostahimili chumvi zaidi, badala ya 304. Mwanya kati ya fremu na ukuta uzibwe nje na ndani. Silikoni inayonuka siki haifai kwenye saruji, haishiki vizuri na inadhuru metali. Iko isiyo na harufu hiyo, ghali kidogo, ndiyo ya kutumia.

Halafu ukingo wa chini. Uinamie nje, uzidi uso wa ukuta, na chini yake uwe na kijimfereji kinachofanya maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Hii ni kazi ya mwashi, lakini lawama ikija huja kwangu.

Mvua ikinyesha maji yanajaa kwenye reli na kumwagika ndani. Nifanye nini?

Chunguza upande wa nje wa reli ya chini. Panapaswa kuwa na vitundu vidogo vya kutolea maji. Reli ya slaidi haijatengenezwa kuzuia maji yasiingie. Imetengenezwa kuyapokea na kuyatoa nje. Mara nyingi vitundu havikutobolewa kabisa, au fundi rangi ameviziba, au mtu alipoona maji akaja na silikoni akavifunga akidhani ndimo yanamoingilia. Vizibue, safisha mchanga, mwaga ndoo ya maji uone yanakotokea. Kama maji yanatoka ukutani pembeni ya fremu, hapo tatizo ni uzibaji, na silikoni ya zamani ikwanguliwe yote kabla ya kupaka mpya.

Niko Muscat, nyumba inajengwa Bagamoyo. Nitasimamiaje?

Watenge anayepima na anayelipa, wawe watu wawili tofauti. Ndugu ashike karatasi ya vipimo, na omba video badala ya picha: futi ikiwa imewekwa kwenye tundu na namba zinasomeka, ncha ya profaili iliyokatwa, kalipa ikiwa juu ya kioo, na mwisho ndoo ya maji ikimwagwa huku kamera ikiwa upande wa ndani. Fundi mwaminifu hachukizwi na hayo.

Nyumba yangu iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Naweza kuweka aluminiamu?

Usiguse kitu kabla ya kwenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na uso wa nyumba si wa mwenye nyumba peke yake. Tafuta seremala wa kukarabati shata za mbao ulizonazo. Zimebuniwa kwa upepo na jua la hapo, na mara nyingi kilichooza ni vipande vya chini tu.

Matunzo ni yapi?

Karibu na bahari, osha fremu kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni laini kila mwezi. Mbali na bahari, kila baada ya miezi mitatu inatosha. Usitumie mchanga, steel wire wala sabuni ya kusafishia choo. Fyonza au fagia reli, maana mchanga ndio unaozila rola. Kabla ya masika, mwishoni mwa Februari, zungukia nyumba na ndoo: vitundu vya reli, raba zilizokauka, silikoni iliyoachia ukuta. Rola za slaidi zikianza kugoma zibadilishwe zote mbili za kipande hicho kwa pamoja, na usipake mafuta ya kupikia.